"Hata wakatubu": jibu kwa mama aliyeambiwa hana njia ya kurudi

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Miaka miwili iliyopita mwanangu wa pili alianza kuanguka kifafa, na wifi yangu akanipeleka kwa mganga. Nilifanya yote niliyoambiwa. Mtoto alivishwa hirizi, mimi nikachanjwa. Wakati huo nilikuwa nimeshaokoka, naimba kwaya na kufundisha watoto Jumapili. Baadaye dhamiri ilinisumbua, nikaitupa hirizi, nikatubu mbele ya kanisa. Lakini kiongozi wa ibada zetu za nyumba kwa nyumba alinisomea Waebrania 6:4-6, akasema mtu kama mimi hasamehewi tena, na nisishiriki Meza ya Bwana. Nikamuuliza mchungaji. Alisema maandiko magumu hayafahamiki kwa akili, hufahamika kwa imani, basi niamini tu. Sasa niamini nini? Nikiliamini neno hili, nimepotea. Nisipoliamini, sina imani.

JIBU: Amina, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye sentensi zako mbili za mwisho. Jibu fupi ulishapewa na halikukusaidia, kwa hiyo univumilie nikienda kwa kirefu.

Tuanze na maneno yenyewe, kama yalivyo katika Union Version ya 1952, ambayo nadhani ndiyo uliyosomewa: "Kwa maana hao waliokwisha kupewa nuru, na kukionja kipawa cha mbinguni, na kufanywa washirika wa Roho Mtakatifu, na kulionja neno zuri la Mungu, na nguvu za zamani zijazo, wakaanguka baada ya hayo, haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu, kwa kuwa wamsulibisha Mwana wa Mungu mara ya pili kwa nafsi zao, na kumfedhehi kwa dhahiri."

Rudi kwenye yale maneno mawili, "hata wakatubu". Uliyasikiaje? Nadhani ulisikia kwamba watu hao hata kama watatubu, haiwezekani. Walie, waungame, wafunge siku arobaini, mlango umekwisha fungwa. Kiongozi wenu naye ndivyo alivyosikia, na usimlaumu sana, maana mimi nimehubiri hivyo hivyo kwa miaka, tena kwa sauti kubwa. Aliyenizindua hakuwa mchungaji. Nilikuwa natumika Pangani, na jioni moja nilikuwa barazani nikijisomea mahubiri ya Jumapili. Jirani yangu, mzee mwalimu wa madrasa, alikuwa ananisikiliza. Akaniuliza, "Hapo pameandikwa wakatubu au wakitubu?" Nikatazama. Wakatubu. Akacheka, akasema, "Sasa mbona unaeleza kama wakitubu?"

Ni herufi moja tu. "Hata wakitubu" ni kusema ijapokuwa watatubu. "Hata wakatubu" ni kusema mpaka wakafikia kutubu. "Hata" ya watafsiri wale mara nyingi ni "mpaka" au "kiasi cha", na wewe mwenyewe unaijua kwa moyo kutoka Zaburi ya 121: "Tangu sasa na hata milele." Hakuna anayeisikia hiyo kuwa "even" ya Waingereza. Kama unataka ushahidi wa karibu, shuka aya nne tu katika sura ileile ya 6: "Maana Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu." Yaani si dhalimu kiasi cha kuisahau. Nenda sura ya 12 aya ya 4, waraka uleule: "Hamjafanya vita hata kumwagika damu." Yaani mpaka damu kumwagika. Tafsiri ni moja na Kiswahili ni kilekile. Kwa Kigiriki nacho maana yake ni kuwafanya upya "kuelekea toba". Toba ndiko wanakoshindwa kurudishwa. Hakuna mahali pameandikwa kwamba walifika kwenye toba, wakabisha hodi, wakanyimwa kufunguliwa.

Sasa jitazame, mama. Andiko linamzungumzia mtu asiyeweza kurejeshwa kwenye toba, nalo limetumika kumtisha mtu aliyesimama mbele ya kanisa akitubu.

Tukiwa hapo hapo, "nguvu za zamani zijazo" nayo ni ya kuchekesha kidogo. Kijana wa leo akisoma atauliza zamani inawezaje kuja. "Zamani" hapo ni wakati, ni zama, kama lilivyokuwa neno lenyewe lilipotufikia kutoka Kiarabu. Ni nguvu za zama zinazokuja. Naliongeza hili ili uone ni kiasi gani cha ugumu uliokulaza macho kilikuwa ugumu wa Kiswahili cha miaka 70 iliyopita. Hapo imani haina kazi. Kinachotakiwa ni mzee wa Pangani, au tafsiri ya pili. Chukua Biblia ya Habari Njema uiweke kando ya hiyo yako, usome zote mbili kwa sauti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mchungaji wako, ingawa kwa heshima, kwa sababu nusu ya aliyosema ni kweli. Nadhani alikuwa na Waebrania 11:3 kichwani: "Kwa imani twafahamu ya kuwa ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu." Liangalie neno lenyewe: twafahamu. Imani ya Waebrania ina mtoto, na mtoto huyo anaitwa ufahamu. Ukimwambia mtu "amini tu" ili aache kuuliza, umemzuia asizae.

Wazo hili la kuamini kwanza ndipo uelewe lina historia ndefu, na ndani yake kuna kisa kinachonifurahisha kila nikifundisha. Mwalimu wake mkubwa ni Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa 354 na kufariki 430. Alipenda kunukuu Isaya 7:9 kwamba "msipoamini, hamtafahamu". Karne nyingi baadaye Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alijenga juu yake, na wahubiri wetu wanaendelea. Lakini fungua Biblia yako hapo. Utakuta: "Kama hamtaki kuamini, bila shaka hamtathibitika." Kufahamu hakupo! Agostino alikuwa akisoma Kilatini kilichotoka katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, na Kigiriki ndicho kilichosema "hamtafahamu". Kiebrania kinasema hamtasimama imara. Isaya alikuwa akimwambia Ahazi, mfalme wa Yuda, ambaye wafalme wawili, wa Shamu na wa Israeli, walikuwa wanakuja kumng'oa, na moyo wake ulikuwa unatikisika kama miti ya mwituni kwa upepo. Nabii akacheza na shina moja la neno mara mbili, la kuamini na la kuthibitika. Sisi Waswahili tunapaswa kulisikia kuliko Wazungu, maana shina hilo tunalo: amini, imani, amana, na ile amina tunayoitikia kila siku. Asiye na amini hapati pa kusimamia.

Na Agostino hakudanganyika. Alijua kwamba tafsiri ziko mbili, akaziweka zote mbili mezani katika kitabu chake cha namna ya kusoma Maandiko, akasema kila moja ina lake la kumfundisha msomaji. Na katika kurasa hizohizo anawaambia wasomaji wa Kilatini kwamba wanahitaji Kiebrania na Kigiriki, ili tafsiri zikipingana waweze kurudi kwenye asili. Huyo ndiye baba wa "amini upate kufahamu". Hakumwona mtu wa imani kuwa amesamehewa kazi ya kusoma.

Basi tusome zaidi, maana lugha haikumaliza. Mtu makini ataniambia: sawa, toba haikukataliwa, lakini vipi Esau? Waebrania 12:17 inasema hakuona nafasi ya kutubu, "ijapokuwa aliitafuta sana kwa machozi". Aliitafuta nini? Kiambishi hicho kinaweza kurudi kwenye nafasi, kinaweza pia kurudi kwenye baraka, na katika Kigiriki nako kuna utata, ila huko ni kati ya toba na baraka. Lakini kisa chenyewe kipo Mwanzo 27, na pale Esau anamlilia Isaka ambariki na yeye. Machozi ni ya baraka aliyoikosa. Dhambi yake ya kuuza urithi kwa chakula sioni popote akiililia.

Sasa nikupeleke mahali ambapo swali lako liliulizwa kwa mara ya kwanza na watu wengi kwa pamoja. Mwaka 250, Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola ya Kirumi watoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa. Aliyetii alipewa hati. Hati hizo zimefukuliwa kwenye mchanga wa Misri, zimeandikwa juu ya mafunjo, zaidi ya 40 zimepatikana, na maneno yake yanakaribiana: mwombaji anasema siku zote ametoa sadaka kwa miungu, na sasa mbele ya wasimamizi amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka. Kuonja. Wakristo wengi sana walionja. Wengine waliwahonga maofisa wakapata hati bila kutoa sadaka. Hofu ilikuwa ya kweli: jela, mateso, kupoteza mali, watoto. Wewe unaijua hofu ya mtoto.

Decius alikufa vitani 251, na watu wakaanza kurudi makanisani wakilia. Pale Roma kasisi mmoja msomi, Novatian, alisema hapana. Mungu akitaka atawasamehe mwenyewe, lakini kanisa halina ruhusa ya kuwapokea. Kule Carthage, ng'ambo ya bahari, askofu Cyprian alisema wapokewe baada ya toba ya kweli yenye muda wake. Usidhani Cyprian alikuwa mlegevu. Hakufurahishwa na waliotaka kurudi kama watu waliotoka sokoni. Na hakuwa na usafi wa kujitapia, maana wakati wa mateso yeye mwenyewe alijificha, na maadui walimsema kwa hilo. Mwaka 258 hakujificha tena. Alikatwa kichwa kwa upanga.

Wafuasi wa Novatian waliendelea kwa karne kadhaa, na Waebrania 6 ilikuwa rungu lao. Ambrose wa Milano aliwajibu kwa kirefu, na Yohana Chrysostom alilieleza andiko hilo alipohubiri waraka huu, wote wawili wakisema linakataza kubatizwa mara ya pili: kusulubiwa pamoja na Kristo katika ubatizo ni mara moja, hakurudiwi. Kwa kweli mimi sishawishiki sana na maelezo hayo. Naona wanalisukuma andiko kidogo. Lakini naona walichokuwa wanalinda. Mtaguso wa Nisea mwaka 325, kanuni ya 8, uliwataka wafuasi hao wakitaka kurudi wakubali kwa maandishi kushirikiana na walioanguka wakati wa mateso. Na Socrates, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 5, anasimulia kwamba Kaisari Konstantino alimsikiliza askofu wao mmoja, Acesius, akieleza ukali wao, kisha akamwambia achukue ngazi apande mbinguni peke yake. Ningependa kiongozi wa ibada zenu asikie kisa hicho, ila umwambie kwa upole.

Walimu wakubwa wa Kiprotestanti nao walipambana na andiko hili. Luther, katika utangulizi wake wa waraka huu wa 1522, aliliita fundo gumu, akalalamika kwamba kwa mtazamo wa kwanza linapingana na Injili zote. Calvin alisema ni habari ya mtu anayeiacha Injili yote kwa makusudi, na dhambi ya mara moja haihusiki. Wesley alisema ni waamini wa kweli waliogeuka kwa hiari yao. Hawa watatu hawapatani kuhusu mengi hapa, na waalimu wangu nao hawakupatana. Sitakudanganya kwamba nimelifungua fundo lote.

Kwa sababu hata tukishasahihisha "hata", onyo linabaki, na sitaki kulinyoa meno. Waraka umeandikwa kwa watu waliochoka. Sura ya 10 inawakumbusha kwamba zamani walikubali kwa furaha kunyang'anywa mali zao, lakini sasa wengine wameacha hata kukusanyika. Mwandishi, ambaye jina lake hatulijui, anawaona wakiwa ukingoni, anawaambia kuna kuondoka ambako hakuna hotuba itakayokurudisha. Nimewaona watu wa namna hiyo. Hawaandiki barua kama yako. Ukiwatajia Kristo wanatabasamu na kubadilisha mazungumzo.

Hapa ndipo naona imani inapoingia kwenye usomaji, baada ya herufi na historia kumaliza kazi yake. Kuna swali ambalo kamusi haiwezi kunijibu: anayesema maneno haya anataka nini na mimi? Mchawi akisema "utakufa" anataka ufe. Mama akimwona mtoto anasogelea mto Ruvu mwezi wa Aprili akapiga kelele "utakufa!" anataka kitu kingine kabisa, na mtoto anajua tofauti kwa sababu anamjua mama. Imani ni kumjua huyo anayepiga kelele. Na hatujaachwa tukisie, maana mwandishi akishamaliza ukali wake anageuza sauti aya ya 9: "Lakini, wapenzi, ijapokuwa twanena hayo, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, na yaliyo na wokovu." Wapenzi. Katika sura zote 13 anawaita hivyo mara hii moja tu, na amepachagua hapa, hatua tatu baada ya neno lililokunyima usingizi. Kiongozi wako aliishia aya ya 6. Angesoma nusu dakika zaidi angekutana na hilo.

Kwa hiyo ukiniuliza "niamini nini?", nakujibu: uliamini lile andiko, lote, mpaka mwisho wa sura ambako tumaini linaitwa nanga ya roho. Na ulisome pamoja na lililo wazi, kama Yohana 6:37, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe". Pale ambapo gumu na lililo wazi havijapatana kichwani mwako, simama juu ya lililo wazi, na lile gumu liache mezani bila kulitupa. Mimi ninayo maandiko mengine yaliyokaa mezani kwangu tangu ujana. Yule mzee wa Pangani aliniambia kwao pia zipo aya zilizo wazi na zilizo na utata, na Kurani yenyewe inalisema hilo katika Sura ya Al Imran, aya ya 7, na kuwaonya wanaozifuata za utata kwa kutafuta fitina. Petro naye, katika waraka wake wa pili, anasema katika nyaraka za Paulo yamo yaliyo magumu kuelewa, na kwamba watu huyapotoa. Wakati mwingine nadhani nusu ya ugomvi wa makanisa yetu ingeisha tukimsikiliza Petro hapo.

Kuhusu Meza ya Bwana. Kiongozi wa ibada za nyumbani hana mamlaka ya kukuzuia peke yake. Hilo ni la mchungaji na wazee, kwa utaratibu wa kanisa lenu. Nenda kwa mchungaji tena. Usiende kubishana. Enda na Biblia, ufungue sura ya 6, umwombe asome na wewe kuanzia aya ya 4 mpaka ya 12 bila kuruka, umwonyeshe "hata" tatu nilizokutajia. Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 aliulizwa, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" na jibu lake lilikuwa kumpandisha Filipo garini wakae pamoja. Kama kanisa lenu lina muda maalumu wa toba, au linataka uombewe mbele za watu, kubali. Cyprian angetaka hivyo pia. Kikombe ulichojinyima miezi hii yote, kipokee siku watakapokukaribisha, usiseme sistahili.

Na wifi yako usimtenge. Alikupeleka kwa sababu alikuwa anamwonea mtoto huruma kama wewe.

Jambo la mwisho. Umeandika habari za hirizi, za kanisa, za Meza, na mtoto umemtaja mara moja tu. Je, anaanguka bado? Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kina dawa, hospitali ya wilaya wanazo, na watoto wengi wakizimeza kila siku bila kukatiza hukaa muda mrefu bila kuanguka. Kama aliziacha mlipokwenda kwa mganga, mrudishe kliniki wiki hii, kisha uniandikie anaendeleaje.